Anayehamishia programu yetu kwenye kivinjari aje kwanza akae gishe

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka 56, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi, na kazi yangu tangu mwaka 1998 ni kuandika fakitire (ndugu zetu wa Dar es Salaam husema ankara) katika depo moja ya vifaa vya ujenzi. Simenti, malata (mabati), misumari, nondo, rangi, mabomba: kila kinachotoka pale kimepita kwanza kwenye vidole vyangu. Wateja wananiita Mama Fakitire, na jina hilo nimelizoea kuliko lile la ubatizo.

Naona depo, maduka na maofisi ya mji huu yanaacha programu zao za zamani, zile za skrini nyeusi, na kuleta zinazofunguka ndani ya kivinjari, lile dirisha la kuingilia intaneti. Sipingi hata kidogo, na nitaeleza kwa nini ninaunga mkono. Ila namna jambo hili linavyofanywa linawaumiza watu wa gishe, yaani tunaokaa kwenye meza ya kuhudumia wateja. Wanaoamua hawakai gishe, kwa hiyo acha niseme mimi ninayekaa.

Programu yetu ya zamani iliandikwa kwa Clipper, lugha iliyotamba miaka ya 1980 na 1990 kwenye mashine za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Herufi nyeupe juu ya weusi, hakuna picha hata moja, na kipanya hakikuwa na kazi. Nilipoanza, nchi ilikuwa inaacha zaire mpya na kuingia faranga ya Kongo, faranga 1 kwa zaire mpya 100,000, na fundi aliyeiandika programu alikesha siku mbili akikata masifuri. TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 ilipoanza Januari 2012, alirudi akaongeza mstari mmoja chini ya jumla. Ndiyo mara ya mwisho alipoigusa. Alifariki miaka michache baadaye. Maandishi ya asili ya programu, yale ambayo fundi huyaandika kabla mashine haijayageuza kuwa kitu cha kuendeshwa, yalikuwa ndani ya laptopu yake. Familia iliiuza kulipia gharama za msiba. Hawakujua kilichomo, na sisi hatukuuliza.

Tukaendelea hivyo hivyo juu ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Mwaka juzi, mvua za Novemba, radi ikaua mashine ya mwisho. Patroni, mwenye depo, akanunua mpya, na programu ikakataa kufunguka. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, zile za enzi ya DOS, na yetu ilikuwa ya biti 16. Kijana wa kutengeneza mashine akaiweka ndani ya DOSBox, programu ya bure inayojifanya kompyuta ya zamani. Ikafunguka! Nilipiga makofi kama mtoto. Lakini printa ikanyamaza, na depo isiyotoa karatasi haiuzi. Kuna pia Harbour, nayo ni ya bure, inaelewa lugha ya Clipper na ingeweza kuifufua programu yetu nzima kwenye mashine za leo. Harbour inataka maandishi ya asili, na hayo yaliuzwa na ile laptopu.

Kwa hiyo nakubali kwamba ilibidi tuhame. Tena kivinjari kina faida ambazo sikuwahi kuziona kwa miaka yote ile. Depo yetu ya Likasi na ile ya Kasumbalesa zinaona akiba yetu ya bidhaa bila kupiga simu. Zamani mteja aliyetaka malata 200 alisubiri nusu saa tukiulizana kwa simu nani anayo. Hakuna haja ya kuweka programu katika kila mashine moja moja; fundi anarekebisha mahali pamoja, na kesho yake sote tunaona mapya. Mashine ikifa, unakaa kwenye nyingine, unaandika jina lako, unaendelea ulipoishia. Mimi niliyeona radi, naelewa thamani ya hilo.

Sasa sikiliza ilivyoletwa.

Ililetwa mwezi Juni. Kila anayeuza vifaa vya ujenzi Lubumbashi anajua Juni ni nini: mvua zimekwisha, barabara ni kavu, tofali zimechomwa, na kila mwenye kiwanja anataka paa kabla ya Oktoba. Watu wa kampuni iliyoiuza walitufundisha asubuhi moja, kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa picha zilizomulikwa ukutani. Kesho yake mapema mashine ya zamani iliyokopwa kwa muda ikaondolewa, na badala yake tukawekewa laptopu nzuri, nyembamba, zisizo na vitufe vya namba upande wa kulia. Mtu asiyeandika namba siku nzima hawezi kujua hilo ni kosa gani. Kibodi zetu ni za Kifaransa. Namba za juu haziandikiki bila kushikilia kitufe kingine. Mimi naandika namba kuliko herufi, na sehemu yangu ya namba ilikuwa imeondolewa.

Mteja wangu wa nne siku hiyo alikuwa Papa mmoja mwashi kutoka Kipushi, mtu tunayejuana naye miaka mingi. Orodha yake aliiandika kwa penseli ya seremala juu ya karatasi ya mfuko wa simenti, mistari 43, na yeye huisoma mwenyewe kwa sauti kwa sababu mwandiko wake hausomeki na mwingine. Misumari ya sentimita 10, kilo 6. Nondo za milimita 8, 40. Malata ya geji 32, 55. Tukaenda vizuri, polepole lakini vizuri, mpaka mstari wa 31. Taa zikaanza kuyumba. Mkono wangu ukafanya ulichofanya kila umeme ulipoyumba kwa zaidi ya miaka 20: ukabonyeza F5.

Katika programu ya zamani F5 ilikuwa kuhifadhi. Katika kivinjari F5 ni kutupa ukurasa huu na kuleta mwingine mpya. Skrini ikawa nyeupe mara moja, kisha fakitire ikarudi tupu. Papa hakuona kitu, alikuwa anaendelea kusoma: "Bawaba, jozi 12."

Nikamwambia, "Papa, unisamehe, tuanze tena."

Akanitazama juu ya miwani. "Tuanze wapi, mama?"

"Kwenye misumari."

Akaikunjua ile karatasi upya, akaiweka juu ya mbao ya gishe, akaanza kusoma. Hakunitukana, hata sauti hakupandisha. Dereva wake alikuwa ameshazima injini ya lori, na watu waliokuwa nyuma yake wakakaa chini, juu ya mifuko. Mwandishi wa fakitire kazi yake ni kuaminiwa, na mimi nilikuwa nimempotezea mzee yule mistari 31 kwa kitufe kimoja. Nilipofika nyumbani sikula.

Kilichotokea nilikielewa baadaye. Nilichokuwa naandika kilikuwa bado kinaelea ndani ya ukurasa tu. Seva, kompyuta kuu inayotunza habari zote, haikuwa imepokea hata neno moja, wala isingepokea mpaka nibofye "Valider" (thibitisha) chini kabisa. Na kivinjari kina vitufe vyake chenyewe, kinavichukua kabla ya programu haijavigusa: F1 msaada, F3 kutafuta, F5 kuleta upya, F11 kujaza skrini. Kibaya kuliko vyote kwangu ni Control na W. Katika Clipper hiyo ndiyo njia ya kumaliza maelezo na kuyaweka salama. Katika kivinjari inafunga ukurasa. Kitufe kile kile, na kinafanya kinyume kabisa cha kile ambacho vidole vinakitarajia! Enter nayo: zamani ilinipeleka kwenye nafasi inayofuata, sasa ikawa inatuma fakitire ambayo haijakwisha.

Nilipima kwa saa ya ukutani. Fakitire ya mistari 20 ilinichukua dakika 4 kwa programu ya zamani. Kwa mpya, dakika 13, na hapo ni baada ya majuma matatu ya kuizoea. Waliotuuzia wakamwambia patroni ni uzee wangu. Lakini msaidizi wangu ni binti wa miaka 24, anayeandika kwenye simu bila kutazama, naye alitumia dakika 12.

Kulikuwa na mengine. Sisi tunauza kwa dola na kwa faranga, na kima cha kubadilisha dola kwa faranga hakitulii. Programu ya zamani ilikuuliza kima cha siku kabla haijakufungulia mlango. Mpya ilijua sarafu moja. Binti aliandika 1.250 kwa faranga 1,250, kama tunavyoandika sote kwenye karatasi, na programu ikasoma moja na robo. Mteja mmoja akaondoka na kopo la gundi karibu bure, na tofauti ikakatwa kwenye mshahara wa binti. Majina ya wateja yalipohamishwa kutoka faili za zamani, kila é iligeuka kitu kama mkato: Société ikawa Soci‚t‚. Ni kwa sababu DOS na Windows hazikuhesabu herufi zenye alama kwa namba zile zile, na aliyehamisha hakukagua. Akina Ilunga na Mutombo walivuka salama, majina yetu hayana alama.

Na seva ilikuwa Ulaya. Kila kubofya kulikwenda Ulaya na kurudi ili mtu wa Lubumbashi anunue misumari iliyo mita 10 nyuma yangu. Intaneti ilipokatika, depo nzima ilikatika. Siku moja mwezi Julai tuliandika kwa mkono kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, halafu tukabaki hadi usiku kuingiza yote tena kwenye mashine.

Nisingeandika barua hii kama mambo yangeishia hapo, kwa sababu malalamiko mji huu unayo ya kutosha. Naandika kwa sababu nimeona namna nyingine.

Mwezi wa Septemba patroni alimwita fundi mwingine wa programu, kijana aliyesomea hapa hapa. Nilidhani atakuja na hotuba. Alikuja na daftari, akaomba kiti. Akaketi nyuma yangu siku tatu. Siku ya kwanza hakuuliza chochote. Alichora kijistari kila mkono wangu ulipoiacha kibodi kwenda kwenye kipanya. Jioni akanionyesha: mara 4 kwa kila mstari wa fakitire. Mistari 20 ni mara 80. Nilishika mkono wangu wa kulia, nikaelewa kwa nini bega lilikuwa linaniuma tangu Juni.

Siku ya pili akauliza, "Mama, mbona hutazami skrini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hilo. Nikamwambia, "Mwanangu, namtazama mteja. Ukiangalia mdomo wake unajua kama anakosea kipimo. Vidole vinajua njia yao."

Akaandika jambo hilo, akalipigia mstari chini.

Siku ya tatu nilimpa kiti changu, nikasimama nyuma yake, akaandika fakitire tano kwa programu ya wenzake, wateja wa kweli mbele yake, Jumamosi, foleni hadi mlangoni. Alitoka jasho. Alipomaliza hakusema programu ni mbaya wala hakuwasema waliomtangulia. Alisema tu, "Sasa nimejua."

Alichofanya hakikuchukua hata miezi miwili, na programu ni ile ile, bado iko ndani ya kivinjari. Enter inakwenda nafasi inayofuata. F5 sasa inahifadhi, maana ukurasa unaweza kukiwahi kitufe hicho kabla kivinjari hakijakitumia. Control na W hakuweza. Kivinjari hakikubali ukurasa ukizuie, kinachowezekana ni kumuuliza mtu kama kweli anataka kuondoka, na hilo amelifanya. Kitufe hicho ilibidi nijifunze upya, nikajifunza, juma moja tu. Kila mstari ninaoumaliza unabaki ndani ya mashine yangu hapo hapo, hata seva ikiwa imelala. Kima cha dola kinaulizwa asubuhi. Ukiandika 1.250 inakuuliza: elfu moja mia mbili hamsini, au moja na robo? Akamwomba patroni anunue kibodi za nje zenye vitufe vya namba, vitu vya bei ndogo. Nilipoiona yangu niliishika kwa mikono miwili.

Karatasi ilikuwa kazi kubwa kuliko yote. Sisi tunatumia printa ya sindano na karatasi za nakala tatu: nyeupe ya mteja, waridi ya mlinda stoo, njano ya kwetu. Mlinda stoo hatoi hata msumari bila waridi. Kampuni ya kwanza ilileta printa ya leza, na leza haigongi karatasi, kwa hiyo nakala ya pili na ya tatu hazipo. Kivinjari nacho kikawa kinachapa tarehe na anwani ya ukurasa pembeni mwa fakitire, halafu kinafungua dirisha la kuuliza maswali kila mara. Kijana aliifanya seva ipeleke maandishi moja kwa moja kwenye printa ya sindano, kama zamani. Ile sauti yake ya kukwaruza iliporudi, mlinda stoo alitoka nje kutazama.

Seva nayo iko kwetu sasa. Hapa naomba wenye biashara wasome vizuri, kwa sababu wengi wanadhani kivinjari maana yake ni intaneti. Sivyo. Kivinjari kinazungumza na seva, na seva inaweza kuwa kompyuta ndogo chini ya meza ya meneja, imeunganishwa kwa waya na mashine za gishe na kushikiliwa na betri. Intaneti ikikatika sisi tunauza. Ikirudi, seva inapeleka habari Likasi na Kasumbalesa, na nakala nyingine inakwenda mbali kwa usalama, ili radi isituondolee kila kitu mara ya pili.

Jana nilipima tena. Mistari 20, dakika 5. Dakika moja zaidi ya zamani, na ninairuhusu, kwa sababu katika dakika hiyo ninaona akiba ya depo tatu.

Wenye biashara, kivinjari peke yake hakimwokoi mtu. Jirani yetu mmoja wa usafirishaji alinunua programu ya kivinjari zamani, ikawa inafunguka ndani ya Internet Explorer tu, kivinjari cha zamani cha Microsoft, kwa vipande vya ActiveX ambavyo vivinjari vingine haviviendeshi. Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft ikaistaafisha Internet Explorer, na hadi leo wanaitunza mashine moja ya zamani kama mgonjwa. Mnapoagiza, muulize kama inafunguka katika vivinjari vyote. Muandikishe katika mkataba kwamba maandishi ya asili yatakaa kwenu pia. Sisi tuliyakosa, na hakukuwa na mwizi wala adui. Ni kwamba hakuna aliyeyaomba wakati fundi yu hai.

Ninyi vijana mnaoandika programu, msichukue orodha ya mahitaji kutoka ofisi ya meneja peke yake. Meneja wangu ni mtu mwema, lakini hajui kwamba ninabonyeza F5 taa zikiyumba. Hata mimi sikujua mpaka nilipoibonyeza. Hamtalipata jambo la namna hiyo kwa kuuliza. Mtalipata kwa kukaa.

Na kwa yeyote anayetaka kubadilisha mwaka huu: fanyeni Januari au Februari, mvua inaponyesha na foleni ni fupi. Acheni programu mbili ziende pamoja mwezi mzima. Binti aliyekatwa mshahara kwa ajili ya ile gundi, mrudishieni; wetu bado hajarudishiwa, nimemwambia patroni mara mbili na nitamwambia tena.

Kijana anarudi Alhamisi. Anataka kuangalia namna depo ya Kasumbalesa inavyoandika fakitire za malori yanayovuka mpaka, na amemwomba mwandishi wao aje kwanza kwetu, wakae pamoja. Nimeshaweka viti viwili nyuma ya gishe.

Mama Fakitire,
Katuba, Lubumbashi